UZI: Bando nimelipia mimi, mbona laptopu yangu inakatazwa kulitumia?

1/ Tunaendelea na hoja za siasa bila majina. Leo ni ile ya "intaneti nafuu". Kila kampeni na kila mjadala wa redio lazima mtu aahidi kushusha bei ya data. Mimi nataka tuangalie kitu ambacho sijasikia kikiguswa jukwaani: hotspoti, yaani kuchukua data ya simu na kuipa laptopu. Masharti ya uzi ni yale yale: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna chama. Ukileta vita vya vyama hapa chini, nakufungia.

2/ Nianze na yangu. Nasomea sayansi ya siasa, nyumbani ni Skuta, Nyeri. Julai mwaka jana tulikuwa na CAT ya mtandaoni, saa mbili hadi saa tatu usiku, na mfumo wa chuo ulikuwa unakubali kompyuta pekee. Laptopu nilikuwa nimeazima. Asubuhi nilikuwa nimenunua bando la wiki, lile la "bila kikomo". Kwa simu kila kitu kinafunguka. Nawasha hotspoti, laptopu inashika WiFi vizuri, lakini ukurasa unazunguka tu. Nikazima simu, nikawasha. Nikabadilisha neno la siri. Dakika kumi na tano zimeenda hivyo.

3/ Nikapigia huduma kwa wateja. "Samahani ndugu mteja, bando hilo ni la matumizi ya simu pekee. Haliwezi kusambazwa kwa kifaa kingine. Iko kwa masharti." Masharti yapi? Yale yaliyo kwenye tovuti, chini kabisa, ambayo wakati wa kununua kwa kubonyeza nambari za nyota na reli huwezi kuyaona hata ukitaka. Kampuni siitaji. Shida hii si ya kampuni moja, na nikiitaja tutaanza kutukanana kuhusu laini badala ya kuongea hoja.

4/ Nikakimbia na laptopu hadi kwa mama wa duka, mnajua baridi ya Julai huku kwetu. "Mama, naomba hotspoti, niko na mtihani." Akaniangalia. "Kijana wangu, shika. Lakini usinimalizie, kesho asubuhi lazima niongee na mtu wa unga." Yeye alikuwa na gigabaiti moja ya kawaida. Laptopu ikashika mara moja. Nikajibu maswali mawili kati ya manne, muda ukaisha. Na laptopu nayo, kwa kuwa haikuwa imeona intaneti kwa siku nyingi, ilikuwa inapakua masasisho ya Windows kimyakimya. Kufika saa tatu gigabaiti ya mama ilikuwa imeisha. Nilimrudishia siku mbili baadaye. Alama zangu hazikurudi.

5/ Sasa angalieni. Laptopu ni ile ile, mtaa ni ule ule, na laini zote mbili ni za kampuni moja. Tofauti ilikuwa mstari mmoja kwenye masharti ya bando. Kwa hivyo swali la leo si bei. Swali ni hili: ukishalipia data, nani ana haki ya kuamua utaitumia kwa kifaa gani? Hilo ni swali la siasa kamili, kwa sababu ni swali la nani anatunga kanuni na nani anamsimamia mtunga kanuni.

6/ Kwanza tuelewane hotspoti ni nini. Simu yako inashika mtandao kutoka kwa mnara, kisha yenyewe inageuka kuwa mnara mdogo wa vifaa vilivyo karibu. Unaweza kusambaza kwa WiFi, kwa Bluetooth (polepole), au kwa waya wa USB, ambao pia unaichaji simu. Data ni ile ile. Megabaiti iliyopita kwa laptopu haiigharimu kampuni zaidi ya megabaiti iliyopita kwa skrini ya simu. Shikeni hapo, tutarudi.

7/ Basi kampuni inajuaje kuna laptopu nyuma ya simu? Chukulia kila kipande cha data kama kifurushi kilichoandikwa nambari juu yake. Kila kituo kinachokipitisha kinapunguza moja, ili kifurushi kilichopotea kisizunguke milele. Simu za Android na iPhone kwa kawaida huanzia 64. Windows huanzia 128. Kifurushi kikitoka kwa laptopu ya Windows kikapitia simu yako, kinafika kwa mnara kikiwa na 127. Kampuni ikiona 127 inajua: hii si simu. Ikiona 63, inajua kuna simu nyingine au Mac imejificha nyuma.

8/ Njia nyingine: kampuni inaweza kuipangia simu mlango mmoja wa data yake na mlango mwingine wa data ya hotspoti, halafu ikafunga ule wa pili. Kuna simu ambazo huuliza mtandao kama mteja ameruhusiwa kabla ya kuwasha hotspoti. Na laptopu inayoita seva za masasisho ya Windows imejitaja yenyewe. Najua kuna wataalamu hapa chini watakaoleta ujanja wa kubadilisha zile nambari. Sifundishi hiyo. Ukifanya hivyo wewe ndiye umevunja mkataba, na mstari wa masharti unabaki pale pale ukimngoja mwanafunzi mwingine.

9/ Tuwe waungwana, tusikilize upande wa kampuni pia. Mnara una uwezo wa kiasi fulani, na watu wote wa mtaa wanaugawana. Bando la bila kikomo limepigiwa hesabu ya mtu mmoja na simu moja: atatazama video, atachoka, atalala. Ukiweka laptopu tatu na televisheni nyuma ya laini hiyo moja, hesabu inavunjika. Na kuna wale wa ploti wanaonunua bando moja na kuwauzia majirani kwa bob 20 kila mtu. Kuuza intaneti kibiashara bila leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ni kosa kisheria. Hapa kampuni ina hoja.

10/ Lakini hoja hiyo ina mpaka. Inafaa kwa bando lisilopimwa. Haifai hata kidogo kwa bando lililopimwa. Kama nimeuziwa gigabaiti mbili, ni gigabaiti mbili. Nikizimaliza kwa simu kwa wiki au kwa laptopu kwa saa moja, siwezi kutumia ya tatu. Ni kama mtu auze kilo mbili za unga halafu aseme ni za uji peke yake, ugali ni marufuku. Ukisikia mtu jukwaani akisema "hotspoti inalemea mtandao", muulize: unaongelea bando la aina gani?

11/ Wenzetu wamelipigania jambo hili. Marekani, Verizon ilikuwa inatoza wateja dola 20 kwa mwezi ili waruhusiwe kusambaza data, na ikawa imeiomba Google iondoe kwenye duka la Android programu zinazowawezesha wateja kukwepa malipo hayo. Shida yake: masafa iliyokuwa ikitumia ilikuwa imeyanunua kwenye mnada wa 2008, na sharti la mnada lilikuwa kwamba mteja asizuiwe kuchagua kifaa wala programu. Julai 2012 ikakubali kulipa dola milioni 1.25 na kuacha kuzuia programu hizo. Na makubaliano yaliwahusu wateja wa mabando yanayopimwa. Ile tofauti ya namba 10.

12/ Ulaya wakaenda mbali zaidi. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2015 inampa mteja haki ya kutumia kifaa anachokitaka. Ujerumani, Vodafone ilikuwa na bando ambalo programu fulani hazikuli data yako, lakini ukizitumia kupitia hotspoti zinakula. Wateja wakawakilishwa kortini. Tarehe 2 Septemba 2021 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema bando la namna hiyo halipatani na kanuni, na sharti la hotspoti likaanguka nalo. Mwaka uliofuata msimamizi wa mawasiliano wa Ujerumani akaamuru mabando hayo yakomeshwe.

13/ Mbona nawapeleka huko? Kwa sababu hizo kesi mbili hazikushinda kwa huruma. Zilishinda kwa sababu kulikuwa na mstari ulioandikwa mapema: mmoja ndani ya mnada wa masafa, mwingine ndani ya kanuni. Na pale ambapo ulinzi unategemea nani ameshika usukani, unayumba. Marekani kanuni za usawa wa intaneti ziliwekwa 2015, zikafutwa kwa kura ya Desemba 2017, zikarudishwa 2024, na Januari 2025 mahakama ya rufaa ikazitupa tena.

14/ Turudi nyumbani. Kenya haina sheria mahsusi ya usawa wa intaneti inayosema mteja atumie data kwa kifaa anachotaka. Lakini hatuko uchi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi kikamilifu alichonunua. Kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Na kuna kanuni za 2010 za kulinda wateja wa mawasiliano, zinazotaka uelezwe wazi bei na masharti. "Wazi" ndilo neno la kubishania. Je, mstari ulio chini ya tovuti, wakati bando linauzwa kwa nyota na reli, uko wazi?

15/ Sasa tuzichambue hoja nne mnazozisikia kila siku. Ya kwanza: "Tutapunguza kodi ya data." Ushuru wa bidhaa kwa data uliwekwa 15% mwaka 2018, ukapanda hadi 20% mwaka 2021, ukarudi 15% mwaka 2023. Mswada wa fedha wa 2024 ulitaka kuurudisha 20%, na mnajua ulivyoishia. Pigeni hesabu na mimi. Data ya bob 100: karibu bob 11 ni ushuru, karibu 14 ni VAT, karibu 75 ndiyo data yenyewe. Ushuru ukiwa 20%, data inabaki karibu 72.

16/ Yaani vita vyote vya 15 au 20 ni kama bob 3 kwa kila 100. Sisemi bob 3 ni kidogo, kwa mtu anayenunua ya bob 20 kila siku zinajaa. Ila mimi usiku ule sikupoteza bob 3. Bando lote kwa laptopu yangu lilikuwa sufuri. Mstari wa masharti ulinigharimu kuliko kodi, na hakuna aliyeandamana kuhusu mstari.

17/ Hoja ya pili: "Ni soko huru, usipopenda hama." Kweli, tangu Aprili 2011 unaweza kuhama kampuni na nambari yako. Lakini ukiihamisha nambari, M-Pesa haikufuati. Chama kinatuma kwa nambari hiyo, wazazi wanatuma hapo, mkopo uko hapo. Wengi wetu hubeba laini mbili: moja ya pesa, moja ya data. Hiyo inasaidia, na nawashauri muwe nayo. Lakini inasaidia tu pale ambapo laini ya pili ina mnara mzuri. Nyeri mjini utachagua. Panda juu kidogo kuelekea msituni, au shuka bonde lolote, uone kama unachagua au unachaguliwa.

18/ Hoja ya tatu: "Tutawaletea WiFi ya umma ya bure." Mpango uliotangazwa kitaifa ni vituo 25,000 vya WiFi ya umma na kilomita 100,000 za faiba. Ni jambo zuri. Lakini WiFi ya soko ni ya sokoni, na CAT ya saa mbili usiku iko nyumbani. Nani ataondoka Skuta usiku na laptopu ya kuazima akakae nje ya soko lililofungwa? WiFi ya umma ni nyongeza. Laptopu nyingi za wanafunzi wa mashinani zinaishi kwa hotspoti ya simu, na yeyote asiyejua hilo hajakaa nasi.

19/ Hoja ya nne: "Serikali iwalazimishe wafungue kila kitu." Hii inapigiwa makofi, kwa hivyo tuipime polepole. Ukilazimisha kila bando la bila kikomo liruhusu hotspoti, kampuni itapandisha bei ya bando hilo au italiondoa. Atakayeumia ni yule asiye na laptopu, anayetumia simu tu. Pia kumbukeni kwa miaka mingi serikali ilikuwa na hisa 35% za kampuni kubwa zaidi ya simu nchini. Refa mwenye hisa kwenye timu anaweza kuwa mwadilifu, lakini lazima aangaliwe.

20/ Msimamo wangu, mnaruhusiwa kupinga: (a) Bando linalopimwa: hotspoti iruhusiwe bila sharti wala malipo ya juu. (b) Bando la bila kikomo: kampuni iweke mpaka ikitaka, lakini mpaka huo usomeke KABLA ya kubonyeza "nunua", kwenye skrini ile ile, kwa maneno sita: "Bando hili halifanyi kazi kwa hotspoti." Hayo tu. Ningeyaona asubuhi ile, ningenunua lile lingine na mama wa duka angebaki na bando lake.

21/ "Lakini kampuni hizi ni kubwa, hazisikii mtu." Mwaka 2019 wakili mmoja alizipeleka kampuni za simu mbele ya jopo la rufaa za mawasiliano kuhusu data inayokufa tarehe ikifika. Oktoba mwaka huo huo Safaricom ikaleta mabando yasiyo na tarehe ya mwisho. Nyinyi mnaonunua zile za kutoisha leo, kumbukeni hilo. Njia ipo: unalalamika kwa kampuni kwanza, unaweka nambari ya malalamiko na picha ya skrini, usiporidhika unapeleka kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Nami nililalamika, baada ya muda nikarudishiwa pesa ya bando. Sharti halijabadilika.

22/ Kabla ya 2027 watu watapita hapa wakiomba kura, kuanzia wadi hadi juu. Akisema "intaneti nafuu", muulize matatu. Moja: nafuu kwa simu tu, au na kwa kompyuta? Mbili: utaandika wapi haki ya kutumia data kwa kifaa ninachotaka, ndani ya sheria, ndani ya leseni za masafa, au ndani ya hotuba? Tatu: Mamlaka ikishindwa kumsimamia mwenye kampuni, nani bungeni ataiita ijieleze? Akijibu "vijana tuko nao", jua hajajibu.

23/ Na kwa wale wenye CAT wiki hii, msipitie yangu. Jaribu bando kwa laptopu mchana, si dakika ya mtihani. Kwenye Windows, fungua mipangilio ya ile WiFi ya hotspoti na uwashe panapoandikwa "Metered connection", masasisho mengi yatatulia. Zima programu za kuhifadhi picha na mafaili mtandaoni. Tumia waya wa USB ukiwa nao, betri ya simu haitakuachia katikati. Weka neno la siri, la sivyo ploti nzima itafanya mtihani na wewe. Na ukiazima hotspoti ya mtu, mrudishie kabla hajauliza.

24/ Nimemaliza. Ombi langu: weka hapa chini picha ya masharti ya bando unalotumia, ile sehemu ya hotspoti pekee, ficha nambari yako. Nitazipanga zote kwa jedwali moja nilirudishe hapa, tuone nani anasema wazi na nani anaficha. Mama wa duka ameshanipa yake. Amesema nikiandika "uzi" kuhusu data niandike pia kuhusu bei ya unga. Hiyo ndiyo ya wiki ijayo.